Ugomvi wa Mbao kati ya Marekani na Kanada: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Fundi wa paa wa Iringa na fundi wa nyumba wa Minnesota hawajuani, lakini wote wawili wakifika dukani huulizia mbao ile ile: mbili kwa nne. Tofauti ni kwamba ile ya Minnesota, kama imetoka Kanada, imepita kwenye kesi iliyoanza kabla fundi mwenyewe hajazaliwa. Mwaka 2025 ushuru wa mbao hizo ulipanda hadi takriban asilimia 45, na tangu hapo maswali hayakatiki, hasa kutoka kwa ndugu zetu walioko kule kwenye kazi za ujenzi, malori na viwanda. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudiwa zaidi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Wanagombania nini hasa?

Wanagombania mbao laini, yaani zile za misonobari na jamaa zake, ambazo ndizo mifupa ya nyumba nyingi za Amerika ya Kaskazini. Lakini ukichunguza utaona kwamba hawagombani juu ya ubao uliokwisha kupasuliwa. Ugomvi uko msituni, mti ukiwa bado umesimama, na swali ni moja: nani ana haki ya kusema mti huu una thamani gani?

Nchini Kanada zaidi ya asilimia 90 ya misitu ni mali ya umma, na sehemu kubwa kabisa iko chini ya majimbo: British Columbia, Quebec, Ontario, Alberta na mengineyo. Kampuni hupewa haki ya kuvuna, kisha hulipa mrabaha kwa kila mita ya ujazo. Kiwango cha mrabaha hupangwa na serikali ya jimbo. Upande wa Marekani, hasa majimbo ya Kusini, miti mingi ya mbao iko kwenye mashamba ya watu binafsi na ya kampuni. Mwenye shamba hungoja, huita wanunuzi, huuza kwa anayetoa zaidi.

Wapasuaji mbao wa Marekani wanasema mrabaha wa Kanada ni mdogo mno, kwa hiyo ni ruzuku iliyofichwa. Wakanada wanajibu kwamba misitu yao iko mbali, baridi ni kali, mti unachukua miongo mingi kukomaa, na kampuni ndiyo inayobeba gharama za kuchonga barabara na kupanda miti upya. Ukichukua bei ya mti wa jimbo la Washington ukaibandika kwenye mti wa kaskazini mwa British Columbia, wanasema, umelinganisha vitu viwili visivyolingana.

Mimi naona pande zote mbili zina hoja ya kweli, na hiyo ndiyo sababu kesi haiishi. Bei ya soko haiwezi kupimwa vizuri mahali ambapo karibu miti yote ina mwenye mali mmoja.

Ulianza lini?

Wengi huhesabu kuanzia mwaka 1982, umoja wa wapasuaji mbao wa Marekani ulipopeleka shauri la kwanza kwenye Wizara ya Biashara yao. Lakini mbao ziliwagombanisha majirani hawa zamani zaidi. Mwaka 1838 na 1839 wakata miti wa Maine na wa New Brunswick nusura waziingize serikali zao vitani kwa ajili ya msitu wa bonde la mto Aroostook, ambako mpaka ulikuwa haujawekwa wazi. Askari waliitwa pande zote mbili. Mkataba wa mwaka 1842 ndio uliochora mstari.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1897. Marekani iliweka ushuru wa dola 2 kwa kila futi za ubao 1,000 zilizopasuliwa, huku magogo yakiingia bure. Viwanda vya Michigan, vilivyokuwa vimemaliza misonobari yao, vilikuwa vikivuta magogo ya Ontario kwa mafungu makubwa yanayoelea juu ya Ziwa Huron. Ontario ikajibu mwaka 1898: gogo la misonobari lililokatwa kwenye ardhi ya serikali lipasuliwe humu humu. Viwanda kadhaa vya Michigan ikabidi vivuke ziwa kuyafuata magogo. Mwenye msitu na mwenye soko, kila mmoja ana kitu anachoweza kumnyima mwenzake. Tangu siku hizo ugomvi haujabadilika sana.

(Futi ya ubao, kwa asiyeijua, ni kipande cha futi moja kwa futi moja chenye unene wa inchi moja. Kule mbao huhesabiwa kwa maelfu ya vipande hivyo.)

Watu husema "raundi ya tano". Nne za kwanza zilikwendaje?

Ya kwanza ilikuwa fupi. Mwaka 1983 Wizara ya Biashara ya Marekani iliamua kwamba mfumo wa mrabaha wa Kanada si ruzuku ya kutozwa ushuru, mambo yakaishia hapo.

Ya pili ilifunguliwa 1986. Safari hii wizara ile ile, ikiangalia mfumo ule ule, iliona ruzuku ya asilimia 15. Siku moja kabla mwaka haujaisha pande mbili zilitia saini makubaliano: Kanada yenyewe itoze kodi ya asilimia 15 kwa mbao zinazotoka, fedha zibaki Kanada. Kanada ilijitoa mwaka 1991, ndipo raundi ya tatu ikaanza. Ushuru wa asilimia 6.51 ukawekwa 1992, majopo ya usuluhishi yenye wajumbe wa nchi zote mbili yakaupinga, Kanada ikarudishiwa fedha zake. Mwaka 1996 ukaja mkataba wa miaka mitano wenye kikomo: futi za ubao bilioni 14.7 kwa mwaka ziingie bila ada, zinazozidi zilipiwe.

Mkataba huo ulikwisha Machi 31, 2001. Aprili 2 shauri jipya lilikuwa mezani. Hiyo ndiyo raundi ya nne, na ndiyo iliyoacha makovu. Mwaka 2002 ushuru wa jumla ulifika takriban asilimia 27. Kanada ilishinda mara kadhaa mbele ya majopo, ikiwemo uamuzi wa mwisho wa Agosti 2005, lakini Marekani ilikataa kurudisha fedha, ikataka mazungumzo. Kufikia 2006 zilikuwa zimekusanywa zaidi ya dola bilioni 5 za Marekani. Mkataba wa Septemba 2006 ulirudisha takriban bilioni 4. Bilioni 1 ikabaki Marekani, na nusu yake ikaenda kwa wapasuaji wale wale walioleta shauri.

Mkataba wa 2006 uliongezwa muda mara moja, ukaisha Oktoba 2015. Baada ya mwaka mmoja wa kutoshtakiana, Novemba 2016 shauri la tano likafunguliwa. Ndilo tulilo nalo mpaka leo.

Kuna ushuru wa aina ngapi?

Tatu sasa, na zinapandana.

Ushuru wa kufidia ruzuku unatokana na hoja ya mrabaha niliyoieleza. Wa pili unatozwa pale inapodaiwa kwamba kampuni inauza Marekani kwa bei ya chini kuliko inavyouza nyumbani kwake, au chini ya gharama zake. Hizo mbili zina utaratibu wa kisheria, zina hesabu, zinaweza kupingwa mbele ya jopo. Wa tatu uliwekwa Oktoba 14, 2025: asilimia 10 kwa mbao laini zinazoingia Marekani, kwa kutumia kifungu cha usalama wa taifa kilicho kwenye sheria ya biashara ya mwaka 1962. Huo haubagui Kanada peke yake, lakini kwa kuwa Kanada ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote, ndiyo inayoubeba zaidi.

Mbona kiwango kinabadilika kila mwaka?

Swali hili huulizwa na watu wa biashara kuliko wengine, na wana haki ya kushangaa. Angalia mwendo wenyewe kwa kampuni nyingi za Kanada: takriban asilimia 20 mwanzoni mwa 2018, 8.99 mwishoni mwa 2020, 17.91 mwaka 2021, 8.59 mwaka 2022, 7.99 mwaka 2023, 14.40 mwaka 2024; na takriban 35 mwaka 2025, kabla ya kuongeza ile asilimia 10.

Sababu ni kwamba Marekani hukokotoa ushuru kwa kurudi nyuma. Mbao ikivuka mpaka leo, kiwanda huweka amana, yaani malipo ya awali ya ushuru, kwa kiwango kilichopo. Mwaka mmoja au miwili baadaye wizara hupitia vitabu vya kampuni chache kubwa, hukokotoa kiwango "halisi" cha kipindi kile, na kiwango hicho ndicho kinakuwa amana ya mbao zijazo. Kampuni ambazo vitabu vyake havikupitiwa hupewa wastani wa zile zilizopitiwa.

Matokeo yake ni magumu kwa mwenye kiwanda. Mwaka 2023 bei ya mbao ilikuwa duni na viwanda vingi vilikuwa vinauza kwa hasara. Hesabu za mwaka huo wa hasara ndizo zilizopandisha ushuru wa 2025. Yaani kiwanda kilichonusurika kwenye soko baya hupokea adhabu ya soko hilo hilo miaka miwili baadaye, mara nyingi likiwa bado baya. Ukiwa na kiwanda cha watu 80 mjini kwako, unapangaje mishahara ya mwaka ujao?

Kwani ushuru unalipwa na nani?

Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kwa kawaida ushuru hulipwa na anayeingiza bidhaa nchini. Kwenye mbao, mara nyingi kiwanda cha Kanada chenyewe ndicho kinachojiandikisha kama mwingizaji na ndicho kinachoweka amana forodhani Marekani. Lakini nani anabeba mzigo mwishowe, hilo hutegemea soko. Nyumba zikijengwa kwa wingi na mbao zikiwa adimu, bei hupanda na mjenzi wa Marekani ndiye anayelipa. Ujenzi ukipoa, mjenzi hana haja ya kulipa zaidi. Kiwanda humeza ushuru wote, kisha hupunguza zamu, kisha hufunga.

Ndiyo maana utasikia Wamarekani wakisema "Wakanada ndio wanaolipa" na Wakanada wakisema "mnalipa wenyewe". Kila mmoja anasema kweli kwa mwaka wake.

Je, ushuru ndio uliofanya nyumba za Marekani ziwe ghali?

Kwa sehemu, na sehemu yenyewe ni ndogo kuliko wanavyosema wajenzi, kubwa kuliko wanavyosema wapasuaji.

Nyumba ya kawaida ya familia moja hutumia takriban futi za ubao 15,000. Bei ikiwa dola 400 kwa elfu, mbao hizo ni dola 6,000. Mei 2021 bei kwenye soko la mikataba ya mbele, yaani mbao zinazopangiwa bei leo zipokelewe baadaye, ilivuka dola 1,600 kwa elfu. Kwa bei hiyo mbao zile zile ni zaidi ya dola 24,000. Chama cha taifa cha wajenzi wa nyumba kilikadiria wakati huo kwamba mfumuko wa bei za mbao umeongeza karibu dola 36,000 kwenye bei ya nyumba mpya, maana nyumba inahitaji pia mbao za tabaka, milango, makabati. Lakini chanzo cha mfumuko ule kilikuwa janga la korona: viwanda vilipunguza uzalishaji vikitegemea mdororo, kumbe watu waliofungiwa ndani wakaanza kukarabati na kujenga. Kufikia Agosti mwaka huo huo bei ilikuwa imeporomoka chini ya dola 600.

Kosa la ushuru ni kwamba unaondoa nafasi ya kupumua. Kanada huipa Marekani karibu robo ya mbao laini inazotumia; miaka ya tisini ilikuwa karibu theluthi. Viwanda vikifungwa kaskazini, siku mahitaji yakipanda ghafla hakuna wa kuwasha mashine. Mashine zilizokuwapo zimekwisha kuuzwa.

Ujerumani, Sweden na Austria zimeziba sehemu ya pengo, kwa mbao zinazovuka bahari ya Atlantiki kwenda nchi yenye jirani aliyejaa misonobari.

Miji yenye viwanda inaathirikaje?

Ukitaka kuelewa, acha kwanza Ottawa na Washington. Chukua ramani ya British Columbia, fuata barabara kuu namba 16 magharibi ya Prince George. Utakuta Vanderhoof, mbele yake Burns Lake, kisha Houston. Miji ya watu elfu chache. Kiwanda cha mbao ndicho kilichoujenga mji: ndicho mlipa kodi mkubwa wa manispaa, ndicho kinachowapa kazi madereva wa magogo, mafundi wa mashine, duka la vipuri, mama mwenye mgahawa.

Kampuni ya Canfor ilifunga kiwanda chake cha Houston mwaka 2023. Kilikuwa na wafanyakazi takriban 300. Ilisema itajenga kingine cha kisasa, kisha mwaka uliofuata ikasimamisha mpango huo. Septemba 2024 ikatangaza kufunga viwanda viwili zaidi, cha Vanderhoof na cha Fort St. John, takriban watu 500 kwa pamoja. Ushuru wa Marekani ulitajwa miongoni mwa sababu.

Kiwanda kimoja hakifi peke yake. Kinachopasua magogo huuza vipande kwa kiwanda cha karatasi, maranda na vumbi la mbao kwa kiwanda cha kuni za kusindika. Cha mbao kikizimwa, cha karatasi kinakosa malighafi, na mwenye lori aliyechukua mkopo wa benki kununua trela la magogo anabaki na deni la kitu kisichouzika, kwa kuwa majirani zake wote wanauza cha aina hiyo hiyo. Thamani ya nyumba inashuka wakati ule ule mtu anapotaka kuiuza ahame. Vijana hutangulia. Shule hupunguza madarasa. Watu wa uchumi huita hali hii "marekebisho", neno ambalo nimeshindwa kulitumia kwa mtu wa miaka 54 aliyeendesha msumeno tangu akiwa na 19.

Lakini si ushuru peke yake uliofunga viwanda hivyo?

Si ushuru peke yake, na anayesema hivyo anakuficha jambo. Kuanzia miaka ya tisini mbawakawa wa misonobari, mdudu wa ukubwa wa punje ya mchele, alienea British Columbia. Majira ya baridi yalikuwa yamelegea, hayakumuua tena kama zamani. Aligusa takriban hekta milioni 18 na kuua zaidi ya nusu ya misonobari ya biashara ya jimbo hilo. Kwa miaka kadhaa viwanda vilikimbizana kupasua miti iliyokauka kabla haijaharibika, vikaongezeka ukubwa. Miti hiyo ilipokwisha, magogo yaliyobaki hayakutosha mashine zilizokuwapo. Kisha mioto: 2017, 2018, 2021, na 2023 ambao ulikuwa mwaka mbaya zaidi wa moto katika kumbukumbu za Kanada. Kuna pia maeneo ya misitu mikongwe yaliyositishwa kukatwa, na haki za mataifa ya wenyeji asilia ambazo zilipuuzwa muda mrefu na sasa zinapewa uzito zinaostahili.

Hivyo gogo limekuwa haba na ghali, na juu ya gogo hilo ghali umewekwa ushuru. Kiwanda kinaweza kustahimili kimoja. Vyote viwili pamoja ndivyo vinavyozima taa.

Kampuni kubwa za Kanada zimefanya nini?

Zimehamia upande wa pili. West Fraser, Canfor na Interfor, zote zenye chimbuko British Columbia, zimenunua na kujenga viwanda Georgia, Alabama, Arkansas, South Carolina na kwingineko Kusini mwa Marekani. Kule misonobari hukua haraka, mashamba yamejaa, na hakuna ushuru wa mpakani. Kampuni haina mizizi kama mji. Ikiona udongo mbaya inahama.

Serikali ya Kanada imejaribu kuzuia maji kwa mkono. Mwaka 2017 ilitoa kifurushi cha dola za Kanada milioni 867. Agosti 2025 Waziri Mkuu Mark Carney alitangaza kingine cha bilioni 1.2, zikiwemo dhamana za mikopo za milioni 700, pamoja na ahadi ya kutumia mbao za nyumbani kwenye ujenzi wa nyumba nchini. Hilo la mwisho ndilo lenye maana kwangu. Mkopo unaahirisha siku; mnunuzi mpya anaibadilisha. Kanada ilishawahi kuona hilo ilipopanua soko la China, mauzo yakakua sana kuelekea 2011, wakati ujenzi wa Marekani ulikuwa umelala.

Angalau wenye mashamba ya miti Marekani wamefaidika?

Hapa ndipo ninapopata uchungu kwa niaba ya watu ambao hawatajwi kabisa. Mkulima wa misonobari wa Georgia au Mississippi, pengine amerithi ekari mia kutoka kwa babu yake, angetegemea ushuru umpandishie bei. Haikuwa hivyo. Baada ya ujenzi kuanguka mwaka 2008 miti mingi iliachwa isimame, ikaendelea kunenepa, na ikaja kuwa mingi kuliko uwezo wa viwanda. Bei ya mti uliosimama Kusini ilishuka na kukaa chini. Hata mwaka 2021 ubao ulipouzwa kwa bei ya ajabu, mwenye mti aliona kidogo sana. Faida ilikaa kwa mwenye msumeno.

Kwa hiyo ushuru uliotetewa kwa jina la mwenye msitu wa Marekani unamlinda zaidi mpasuaji, na siku hizi mpasuaji huyo wa Georgia anaweza kuwa kampuni ya Vancouver, Kanada.

Viwanda vidogo vinavyonunua mbao na kuziongezea thamani navyo vinatozwa?

Vinatozwa, na nadhani hii ndiyo dhuluma iliyo wazi kuliko zote kwenye sakata hili. Kiwanda kidogo cha Quebec au British Columbia ambacho hakina haki ya kuvuna hata mti mmoja hununua mbao sokoni kwa bei ya soko, kisha huzipiga randa kuwa mbao za kuta au uzio. Hakijapata mrabaha wa bei nafuu, maana hakijawahi kulipa mrabaha. Bado hutozwa, tena kwa thamani ya bidhaa iliyokamilika. Kadiri mwenye kiwanda anavyoongeza kazi ya mikono na ustadi, ndivyo ushuru unavyokua. Mkataba wa 2006 uliwafikiria: kodi ya mbao zao ilihesabiwa kwa bei ya ubao wa kwanza tu. Ulipokufa mkataba, nafuu hiyo ilikufa nao.

Si Kanada iuze miti kwa mnada, yaishe?

British Columbia ilijaribu. Tangu mageuzi ya mwaka 2003 takriban moja ya tano ya miti ya umma huuzwa kwa mnada, na bei za mnada hutumika kupanga mrabaha wa miti iliyobaki. Wapasuaji wa Marekani hawakuridhika: walidai wanunuzi mnadani ni wale wale wenye haki za kuvuna, hivyo bei yenyewe imepinda. Majimbo ya Atlantiki ambayo miti yake mingi iko kwenye ardhi binafsi, kama Nova Scotia, yameachwa nje ya ushuru wa kufidia ruzuku. Bei ya mti wa mtu binafsi haitiliwi shaka.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kwenda mbali kulielewa hili. Misaji ya shamba la serikali la Longuza huuzwa kwa mnada. Misonobari ya shamba la serikali la Sao Hill kwa miaka mingi imegawiwa kwa vibali, mvunaji akalipa mrabaha uliotangazwa na serikali. Ukiwauliza wafanyabiashara wa Mafinga ni utaratibu upi ulio wa haki, utapata mabishano mazuri hayo hayo. Mnada humpa serikali bei nzuri, na huweza kumtupa nje mwenye kiwanda kidogo. Mgao humlinda mdogo, na huacha swali la nani amepewa na kwa nini. Bahati yetu ni kwamba hatubishani hayo na mahakama ya nchi nyingine.

Kanada ikishinda kwenye majopo, kwa nini isilipwe?

Kwa sababu kushinda huchukua miaka, na miaka ndiyo silaha yenyewe. Shirika la Biashara Duniani lilitoa uamuzi mwezi Agosti 2020 ulioikubalia Kanada sehemu kubwa ya hoja zake kuhusu ushuru wa ruzuku. Marekani ikakata rufaa. Chombo cha rufaa cha shirika hilo kilikuwa hakina waamuzi wa kutosha tangu Desemba 2019, kwa kuwa Marekani yenyewe ilikuwa imezuia uteuzi wao. Rufaa ile haina mtu wa kuisikiliza.

Wakati huo amana zinaendelea kukusanywa, na sasa ni mabilioni ya dola. Kampuni iliyochoka kungoja hukubali mapatano ambayo mwanzoni ingeyakataa. Ndivyo ilivyokuwa 2006. Ndiyo maana sishangilii sana ninaposikia upande fulani "umeshinda" kwenye jopo.

Hapa Afrika Mashariki kuna lolote linalofanana?

Hakuna kesi ya namna hiyo, lakini mbao zetu nazo huvuka mipaka na maamuzi ya nchi moja huhisiwa kwa jirani. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90, kisha ikaongeza muda tena na tena. Sababu zilikuwa nzito, mito ilikuwa inakauka. Lakini viwanda vingi vya mbao vilifunga, na yadi za Nairobi zikageukia mbao za Tanzania, Uganda na Kongo. Rais Ruto alitangaza kuondoa katazo Julai 2023, na suala likaishia mahakamani. Bei ya mbili kwa nne Nairobi ilikuwa imepangwa na misitu ambayo serikali ya Kenya haina mamlaka nayo, na mpasuaji wa Mufindi, Tanzania, alipata soko ambalo lingeweza kumponyoka kwa tangazo moja la redio.

Siku amana zikirudishwa, waliofukuzwa kazi watapata chochote?

Hapana, isipokuwa serikali zao ziamue kuwapa kutoka mfuko mwingine. Mwaka 2006 zile bilioni 4 zilirudi kwa waliokuwa wamezilipa, yaani kampuni. Baadhi zililipa nazo madeni, nyingine zilipata mtaji wa kununua viwanda Kusini mwa Marekani. Manispaa iliyopoteza mlipa kodi haikuwa na dai, wala dereva aliyeuza lori kwa bei ya kutupa. Utaratibu ni huo huo leo. Forodha hurudisha fedha kwa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati ya kuingizia mzigo.